Shingo ya Baiskeli

Tulipomaliza kuanua matanga ya mke wangu, nilirudi kwenye banda langu la kutengeneza baiskeli pale Nkuhungu. Sikuwa na hamu ya kazi, ila kukaa nyumbani kulinichosha zaidi.

Wa kwanza kuja alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alileta baiskeli yake ya milimani, ile isiyo na springi nyuma. Foki ya zamani, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, alikuwa ameshaifungua, na mkononi alishika nyingine ya shokapu, ndefu, aliyoipata mnadani.

"Nifungie hii, shemeji. Nataka nishuke mawe kama nimelala kwenye godoro."

Nilizisimamisha foki mbili pamoja. Ile ya mnadani ilizidi kwa upana wa kiganja. Nikamwambia fremu yake haikutengenezwa kwa urefu huo. Mbele itanyanyuka, usukani utayumba, na kwenye kila shimo foki itaivuta shingo ya fremu mpaka ipasuke pale ilipochomelewa.

"Fundi gani anaogopa chuma? Msiba umekufanya mwoga."

"Ni kweli," nilisema. "Shingo ya baiskeli ikikatika, yako inafuata. Mama yenu ametoka kuzika mtoto mmoja. Sifungi."

Alikaa juu ya kreti la soda.

"Dada angekutukana kwanza," alisema, "halafu angekuwa upande wako. Haya, rudisha ya zamani."

Niliirudisha, nikakaza boliti kwa nguvu nilizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi. Shemeji akachukua spana, akazikaza tena.