Bahari Katika Chumba cha Bibi Harusi

Harufu ya rubisi changa huja mara mbili. Kwanza unapata utamu wa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ukivuta pumzi tena, unapata ukali wa mtama uliokaangwa unaoanza kuchachuka. Nyumbani kwa babu yangu, katika kijiji cha Chonyonyo, harufu hiyo ilitoka katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba, ambako gogo kubwa lililochongwa mfano wa mtumbwi lilijazwa pombe hiyo ya ndizi na kufunikwa majani ya migomba ili joto lisitoke. Watoto tulikatazwa kulisogelea. Kukanyaga ndizi ilikuwa kazi ya wanaume, kuonja ilikuwa haki ya wazee, na sisi tuliachiwa kunusa.

Kiangazi ninachokikumbuka ni cha mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, na mafuta ya taa yalikuwa adimu kiasi kwamba koroboi iliwashwa wakati wa kula tu. Baba mdogo, aliyekuwa akijenga barabara huko kusini, alirudi na mke. Aliitwa Agnesi, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa pwani ya Mtwara, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ndipo uisikie. Kwa desturi ya kwetu bibi harusi hakutoka nje. Alikaa chumba cha ndani kwa majuma kadhaa, dirisha limefungwa, akila na kupumzika bila kushika jembe wala ufagio, mpaka siku ya kutolewa, ndugu na majirani watakapokuja kumtazama na kunywa. Mkwewe wa kiume hakupaswa kuonana naye uso kwa uso. Watoto peke yetu ndio tuliingia na kutoka tulivyotaka, tumwondolee upweke, na kwa kuwa Bibi, mama yake Baba mdogo, alijua Kiswahili kidogo na Agnesi hakujua lugha yetu ya Kinyambo hata kidogo, sisi wa shule tuligeuka wakalimani wa nyumba.

Nadhani alianza kutusimulia habari za bahari kwa sababu aliikumbuka. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Tulijua mito na maziwa yetu, na tulidhani bahari ni ziwa lililokosa ustaarabu. Alipotuambia kwamba maji yake yana chumvi, binamu yangu Kemilembe, aliyekuwa hajaanza shule bado na hakuogopa mtu, alishangaa sana.

"Nani aliitia? Na dukani chumvi hakuna!"

"Mvua iliikomba kwenye mawe na udongo, mito ikaibeba kidogo kidogo," alijibu Mama mdogo, ndivyo tulivyomwita Agnesi. "Hata Kagera yenu inaipeleka, ila kidogo kuliko ulimi unavyoweza kuonja."

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kabla ya kusema jambo lolote alituuliza sisi tunadhani nini, na hakucheka majibu yetu. Chumba kile chenye giza alikifanya kilindi cha bahari. Kitenge chake kilikuwa yavuyavu, yule mnyama laini kama uji asiye na mfupa, akikipeperusha juu ya vichwa vyetu kikifunguka na kujikunja. Mimi nilikuwa samaki wa kilindini: alinifunga kipande cha ukindu kwenye paji la uso, punje ya kahawa ikining'inia kwenye ncha, akasema hiyo ndiyo taa yangu, nikae kimya nimeachama, wadogo waje wenyewe kuushangaa mwanga. Kemilembe alikuwa kamba mdogo ambaye akifukuzwa hutema mwanga usoni mwa adui na kukimbia. Alitema mate kwa bidii mpaka ikabidi wenzake tumwombe awe mnyama mwingine.

Jambo moja alilirudia mara nyingi, na ukubwani ndipo nilipolielewa thamani yake. "Hao wa kilindini nimewasoma tu," alisema. "Sijawaona. Lakini maji yanayowaka nimeyakanyaga mwenyewe. Siku za giza, ukiingiza mguu baharini, unazungukwa na cheche za kijani. Ni vidudu vidogo mno. Ukivitikisa, vinawaka."

"Havikuunguza?" niliuliza.

"Ni mwanga wa baridi. Havina moto."

Hilo lilitushinda. Kwetu mwanga ulikuwa kuni, koroboi, jua na radi, na vyote huunguza. Akafikiri kidogo, kisha akachukua mfano wa nyumbani. Maji ya ndizi yakiwa peke yake yametulia, alisema. Unga wa mtama ukiwa peke yake umetulia. Lakini vikikutana kwenye gogo la Babu, vinachemka na kutoa povu bila kuni hata moja. Basi ndani ya mwili wa kidudu kile kuna vitu viwili vya namna hiyo. Vikikutana, badala ya povu hutoka mwanga.

Ulikuwa mfano mzuri kupita kiasi. Waswahili husema asiyejua maana haambiwi maana, lakini nimejifunza kwamba mtoto aliyeambiwa nusu ya maana ana hatari zaidi. Siku moja kabla ya kutolewa kwa bibi harusi, wakubwa wakiwa shambani wakikata ndizi za wageni, Kemilembe alitangaza kwamba kama rubisi inachemka bila moto, basi ikitikiswa gizani lazima iwake. Hatukuona kasoro katika hoja hiyo. Tukainua majani ya migomba upande mmoja, tukaingiza vichwa chini yake, macho yakituwasha kwa ukali wa ile pombe. Mmoja wetu akakoroga kwa kijiti. Giza. Kemilembe akasema kijiti hakifai, Mama mdogo alitumia mguu. Kabla hatujamshika alikuwa ameutumbukiza mpaka gotini.

"Haiwaki!" alipiga kelele, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani. "Mama mdogo, haiwaki!"

Bibi ndiye aliyefika kwanza. Alimtoa Kemilembe kwa kumshika kwapa, akautazama mguu ule wenye povu, wa msichana, uliotoka ndani ya pombe ya harusi, akaanza kuupangusa kwa jani la mgomba. Jirani aliyemfuata, ambaye habari za bahari zilikuwa zimemfikia kupitia watoto, ndiye aliyesema kwanza. "Ndiyo hayo ya huyo wa pwani!" alisema akicheka. "Huko kwao samaki wanatembea na koroboi, sasa anatafuta wa kwetu ndani ya rubisi." Kufikia jioni mzaha ule ulikuwa umezunguka kijiji, na njiani ulikuwa umeacha kuwa mzaha. Wengine walisema mwanamke yule ni mwongo. Wengine waliuliza kwa sauti ya chini ni mtu wa namna gani huyo anayewasha maji.

Jua lilikuwa linazama Bibi alipoingia chumbani na kukaa mkekani, mimi nikiwa kati yao kama mkalimani. Babu alikaa sebuleni, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa matete, maana hakuruhusiwa kumwona mkamwana wake, aliruhusiwa kusikia. Mama mdogo alipiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nimekosa."

"Marahaba, mwanangu. Pombe itanyweka, usiililie," Bibi alisema. "Kinachonisumbua ni maneno. Kesho watu watajaa hapa. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe ndiyo kwanza unaanza safari. Waambie ulikuwa unawatania watoto. Tutacheka wote, yaishe."

Nilitafsiri, na nilitamani akubali. Hata mtoto aliona jinsi mlango ulivyofunguliwa kwa upole. Mama mdogo akasema taratibu, akinipa nafasi ya kutafsiri kila kipande, kwamba kosa ni lake: mfano wa rubisi aliutoa bila kuwaambia watoto mahali unapokoma, na hilo ataliomba radhi mbele ya yeyote. "Lakini maji yale niliyakanyaga, mama. Nikisema kesho kwamba ni utani, watoto hawa nitakuwa nimewadanganya kweli. Na nyinyi mtakuwa mmemtoa nje mwongo."

Ukutani kulisikika kikohozi. "Muulize," Babu aliniambia kwa Kinyambo, "huo mwanga wa baridi unafanana na nini."

Mama mdogo aliomba tukamate vimulimuli, waliokuwa wameanza kuwaka mpakani mwa migomba. Tulimletea Babu mmoja, tukamweka kiganjani mwake. Tangu azaliwe alikuwa akiwaona, na nadhani siku ile ndiyo kwanza alimgusa mmoja ili ajue joto lake. Alikaa naye muda mrefu, kiganja kikiwaka na kuzimika. "Baridi," alisema mwishowe. Bibi hakushawishika. Kimulimuli ni kimulimuli, alisema, na samaki ni samaki. Lakini hakumwambia tena mkwewe akane.

Kesho yake wageni walijaa kama ilivyotabiriwa. Rubisi ilikuwa nyepesi kidogo, maana tulikuwa tumeitoa joto tulipoinua majani, na mzee mmoja aliuliza kama kuna mguu mwingine wa kuongeza. Bibi harusi alipotolewa, jirani yule yule alimwomba mbele ya watu awasimulie habari za samaki wenye taa. Vicheko vikaanza. Bibi aliinua mkono. "Jana nilimpa njia rahisi ya kusema uongo na kujiokoa," alisema. "Ameikataa. Mimi samaki wake sijui, lakini yeye sasa namjua." Akamkabidhi jembe, naye akalima mstari wake wa kwanza kwetu. Tangu hapo, penye ugomvi wowote nyumbani, Bibi alisema, "Muulizeni Agnesi ilikuwaje."

Juzi binti yangu alinionyesha yavuyavu kwenye simu yake, buluu na waridi, akielea katika giza zito. Alikuwa mzuri kuliko chochote tulichowahi kukiwaza chini ya kile kitenge. "Huyu ni wa kweli," aliniuliza, "au ametengenezwa na kompyuta?" Sikujua, na nilitafuta kwenye kioo cha simu ile mtu wa kumuuliza nisimwone. Sisi hatukuwa na picha hata moja, ila aliyetusimulia alilala nyumba moja nasi, na angedanganya angeaibika yeye kwanza. Nikampigia Mama mdogo, ambaye sasa ni mstaafu, na kumweleza. Alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu.

"Huyo mwambie sijui," alisema. "Yavuyavu wa namna hiyo wapo, lakini huyo sijui. Niliyoyakanyaga mimi yalikuwa ya kweli."

Binti yangu aliiacha ile video ikijirudia yenyewe mezani, akanyoosha mkono nimpe simu yangu, amuulize mwenyewe.