Doa la Salon

Niwaambie aibu yangu mwenyewe, kabla majirani hawajawaambia.

Tulipohama nyumba ya Mama Masika hapa Beni, alikata nusu ya garanti yetu, zile pesa tulizomwachia siku ya kuingia. Alisema tumeharibu simenti ya salon, chumba cha kupokelea wageni: doa jeusi, pana kama mkeka. Nikawaka. Lile doa tulilikuta siku ya kuingia! Na niliamini hivyo kabisa. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Hasira ilikuwa imekula kumbukumbu yangu yote.

Nikamuita shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, aje kuamua. Majirani wakajaa mlangoni.

"Papa Mwalimu, tuzungumuze siye wawili tu," Mama Masika akaniomba kwa sauti ya chini.

"Hapana, mama. Batu bote basikie."

Nilidhani anaogopa. Kumbe alikuwa ananihurumia.

Nikampa shefu telefone yangu, atafute picha za mwezi ule tuliohamia, halafu nikakunja mikono kifuani kama mtu aliyekwisha kushinda. Akapitisha picha moja moja. Akasimama kwenye moja, akaikazia macho.

"Papa Mwalimu, huyu si ni weye?"

Kwenye picha nilikuwa katikati ya salon ile, ninacheka, miguu ndani ya kakao mbichi kutoka Mangina, ile niliyokataa kuiacha nje isiibwe. Maji yake, yale yanayoacha weusi yakikauka, yalikuwa yanatiririka juu ya simenti isiyo na doa hata moja.

Nikanyoosha mkono nichukue telefone. Shefu akaigeuza kwa majirani.

"Ulisema batu bote, mwalimu."