Wageni Sita na Korongo Lisilo Lenyewe

Nimeona bora niseme mwenyewe, maana Katonga nzima imeshasema na kila anayesimulia anaongeza lake, wa juzi kaniambia usoni kwamba eti tuliokolewa na zimamoto. Hakukuwa na zimamoto. Kulikuwa na mimi, suruali yangu, wageni sita na kijiji kizima kimekaa kinatutazama, na aibu hiyo ilinitosha.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Ujiji, nakaa Buzebazeba kwa mama, na mama yangu anauza dagaa sokoni Katonga tangu sijaota meno. Biashara ya dagaa mimi sikuitaka, nilitaka vilima. Sasa kuna mama mmoja, Mama Neema, ana nyumba ya wageni juu ya ziwa, na wageni wake wakishaogelea siku mbili wanaanza kuuliza wafanye nini tena, kwa hiyo alikuwa anatafuta mtu wa kuwatembeza vilimani kwa miguu, kazi ya kudumu. Nikamwambia njia ninayo: tunapanda kutokea nyuma ya Gungu, tunafuata mgongo wa vilima kwenda kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kushoto muda wote, tunashukia kijiji cha wavuvi, tunakula samaki wa mgebuka wa kuchoma, tunarudi kwa boti. Akaniuliza kama naijua vizuri. Nikasema naijua kama kiganja cha mkono wangu (nilikuwa nimeipita mara moja).

Shida ya mgongo ule ni kwamba makorongo ya kushukia yako matano na yote yanafanana, nyasi zilezile, mawe yaleyale, na nyumba za kijiji zimejificha chini ya michikichi huzioni. Siku ile ya kwanza nilijua pa kushukia kwa sababu ufukwe wa kijiji kile cha wavuvi ulikuwa umeanikwa dagaa, ukiwa juu unaona mchanga wote unang'aa mweupe. Nikajiambia alama ndiyo hii, tena alama gani nzuri kuliko hiyo, sina haja ya kuirudia njia. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Jumamosi ikafika. Wageni walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja kutoka Dodoma, na Mama Neema mwenyewe alikuja, akasema wazi kwamba amekuja kuniangalia mimi, kazi nitaipata au nitaikosa siku hiyo. Asubuhi wakati natoka mama alinisemesha jambo kuhusu mwezi, lakini mimi niko mlangoni, nina viatu vipya, sikugeuka.

Saa mbili za kwanza niliongoza kama mtu aliyezaliwa kule juu. Nikawaonyesha mashamba ya mihogo, nikawaonyesha milima ya Kongo ng'ambo, nikawaambia kwa madaha kwamba wakiona ufukwe unang'aa, hapo ndipo tunaposhuka. Basi wote wakawa wanakodoa macho chini kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Korongo la kwanza, hakuna kitu. La pili, mchanga mtupu. La tatu, mtupu. Nikasema bado kidogo, nikasema tena bado kidogo, mgeni mmoja maji yakamwishia, na jua nalo halikuwa na huruma.

Hapo maneno ya mama yakanifikia, yamechelewa saa nne nzima. Ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, na asipovuliwa dagaa hakuna wa kuanika. Jambo hili Ujiji analijua hata mtoto wa chekechea, na mimi nimelelewa na dagaa, viatu vya shule nilikuwa sinunuliwi mpaka mbalamwezi ipite. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mama Neema akanisogelea, akauliza kama tumefika.

"Ni hapa," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye korongo lililokuwa karibu.

Nyasi zilikuwa kavu na zinateleza, nilipiga hatua kama kumi hivi kisha nikakaa, si kwa kupenda, nikateremka kwa makalio na mawe yanateremka pamoja nami, nikasikia suruali inachanika kutoka mkandani kushuka chini, na nyuma yangu watu wa Dodoma wanakuja mmoja mmoja kwa staili hiyohiyo. Kumbe chini kulikuwa na kijiji kweli, ila si kile nilichokitafuta. Na kwa sababu ya mbalamwezi hakuna aliyekuwa kazini, wanaume wako ufukweni wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti, wanawake wanasukana, na wote walikuwa wametuona tangu juu. Wengine walishageuza viti.

Mvuvi mmoja mtu mzima akasimama. "Wewe si binti wa Mama Zuhura wa Katonga?"

"Shikamoo mzee, ndiye mimi," nikajibu, bado niko chini.

"Marahaba. Mnatafuta nini kwenye korongo la mbuzi?"

Nikamtazama Mama Neema, nikaona uongo umenichosha. Nikasema nimepotea, alama yangu ilikuwa dagaa walioanikwa.

"Mbalamwezi hii?" akauliza, taratibu kabisa.

Kicheko kilianzia kwenye nyavu kikaenda mpaka nyumba ya mwisho, wakacheka hata ambao hawakusikia. Mama Neema hakucheka. Alivua mtandio wake akanifunga kiunoni, akakaa pembeni. Boti yetu ilikuwa inatusubiri vijiji viwili nyuma, ikapigiwa simu, ikafika alasiri.

Tuliposhuka mjini Mama Neema aliniita kando. "Zuhura, kwa kupotea nisingekunyima kazi. Umewashusha wageni wangu usipopajua, ukasema ni hapa."

Nililia kwenye bodaboda mpaka Buzebazeba. Mama aliuliza tu kama kuna mgeni aliyeumia, nikasema hakuna, akanipakulia ugali.

Tangu siku hiyo nimeupita mgongo ule mara tisa, kwa mvua, kwa vumbi, na mara moja kwa moshi wa nyasi zinazochomwa, na makorongo yote matano nimeyajua majina kwa kuwauliza wachungaji na wenye mihogo. Wiki iliyopita nilimwendea Mama Neema nikamtajia moja baada ya jingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nikipotea tena je.

"Nasema sijui tulipo," nikamjibu, "nasema palepale juu, kabla hatujashuka hata hatua moja."

Akasema Jumamosi tutapanda, yeye na mimi tu, bila mgeni. Naenda. Miguu haina wasiwasi. Yale maneno mawili, sijui tulipo, ndiyo nayafanyia mazoezi kwa sauti kila asubuhi, maana ndiyo yaliyonishinda siku ile, si mlima.