Noeli ya Kwanza ya Héritière kwenye Kinu

Mama Marcelline anashona nguo kwenye kibaraza kimoja cha Birere, mjini Goma, na mwaka mzima mashine yake hainyamazi. Siku ya kuamkia Noeli tu ndiyo inapumzika. Siku hiyo ukoo wote hufika kwake kutwanga sombe, yaani kisamvu, kama walivyotwanga kwa mama yake kule Butembo, na kwa nyanya yake kabla ya hapo. Kinu chenyewe kilikuja Goma juu ya lori la maharagwe, kimefungwa kamba kama mbuzi. Ni kikubwa, kinapokea michi miwili kwa pamoja.

Kazi ina utaratibu wake, ingawa hakuna aliyewahi kuupanga. Watoto huketi juu ya mawe meusi ya volkano na kuchambua majani ya muhogo. Wanawake hutwanga wawili wawili, wakichanganya vitunguu vya majani na pilipili mbichi. Wanaume huleta makaa, halafu hukaa kivulini kutoa maoni. Mwenye maoni mengi kuliko wote ni Muzee Janvier, kaka wa marehemu mume wa Marcelline. Hajashika mchi tangu azaliwe, lakini husema anajua kwa kusikia tu kama sombe imelainika.

Mwaka jana palikuwa na mgeni. Florent, kitinda mimba wa Marcelline, fundi wa simu, alikuwa ameoa mwezi wa nane. Mke wake, Héritière, ni binti wa wafugaji wa milima ya Masisi. Kwao Noeli ni maharagwe yaliyotiwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe, na maziwa ya kuganda pembeni. Sombe alikuwa ameila mara nyingi, ila kuitwanga hajawahi. Hakumwambia mtu. Mkamwana mpya haanzi kwa kutangaza asiyoyajua.

Akapewa mchi. Upande wa pili wa kinu alisimama Joviale, dada mkubwa wa Florent, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Joviale akapiga, Héritière akapiga, michi ikagongana hewani. Walipoanza tena, majani yaliruka na kutua juu ya kofia ya Muzee Janvier. Watoto walicheka hadi wakajilaza chini. Joviale naye akacheka, akauliza kama huko Masisi wanatwanga ng'ombe. Héritière alicheka pamoja nao mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu aliweka mchi chini, akasema moshi unamwasha macho. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

Florent aliona. Akavua shati lake jipya, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akaenda kumpokonya Joviale mchi. Vichwa viwili vya majirani vikachomoza juu ya ukuta. Muzee Janvier akakohoa, kisha akaeleza kwa kirefu kwamba katika ukoo huu mwanaume hatwangi, kwamba jambo kama hilo halijapata kuonekana Butembo, na kwamba marehemu ndugu yake, Célestin, angekuwepo angeona haya.

Marcelline alikuwa akiosha sufuria. Hakuinua sauti.

"Muzee," alisema, "tumbo yako haijauliza hata siku moja nani alitwanga. Acha batoto batumike kazi."

Kisha akapangusa mikono, akamrudishia mkamwana wake mchi, akasimama nyuma yake.

"Usipigane na muchi, mutoto wangu. Uinue, halafu uiache ianguke yenyewe."

Kumbe Florent alikuwa mbovu kuliko mke wake, na hilo ndilo lililomwokoa Héritière. Jasho lilimtiririka, akakikosa kinu kabisa na kupiga jiwe. Héritière akaanza kumcheka, na katika kucheka mabega yake yakalegea. Mchi ukapata njia: tu, tu, tu. Joviale akawa anapiga makofi kufuata mapigo yao. Walipopumzika alimsogelea wifi yake, akamkaza kitenge kiunoni, na kumwomba msamaha kwa sauti ya chini.

Mchana, sombe ikichemka juu ya mbabula, jiko la makaa, wanawake wakisaga karanga, Marcelline alimuuliza Héritière kwao leo wanapika nini. Akamweleza. Marcelline akauliza kama mafuta hayo yanapatikana hapa Goma. Héritière akainamisha kichwa. Mama yake alikuwa amemtumia chupa nzima, nayo alikuwa ameificha chini ya kitanda tangu wiki iliyopita, akiogopa kwamba harufu yake ingewachukiza watu wa nyumba.

"Enda uilete," Marcelline akasema.

Ilipofunguliwa, Joviale alikunja pua, lakini safari hii alinyamaza. Maharagwe yakawekwa kwenye moto wa pili.

Siku ya Noeli, waliporudi kutoka misa, sufuria mbili zilisimama mezani. Muzee Janvier alitangaza kwamba ataanza na maharagwe, kwa heshima tu ya ukoo wa bibi harusi. Akala sahani ya kwanza kwa heshima. Ya pili hakutoa sababu. Ya tatu alijipakulia mwenyewe, jambo ambalo nalo halijapata kuonekana Butembo.

Sombe ilibaki kidogo, ya kupasha asubuhi. Maharagwe hayakubaki hata punje. Joviale, akikusanya sahani, alimuuliza Héritière kama mama yake anaweza kutuma chupa nyingine kabla ya Bonane, yaani Mwaka Mpya.