Sahani Iliyofunikwa

Leo nimekuta simsim ikikaangwa sokoni Busia, na harufu yake ikanirudisha jikoni kwetu, karibu na Malaba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipoacha kurudi, mama hakulia. Kila jioni alipika mboga kwa simsim, akamtengea baba sahani yake, akaifunika. "Foleni ya malori imekwama mpakani," alituambia. "Baba yenu yuko pale tu, anangoja karatasi." Majirani walijua ana nyumba nyingine ng'ambo, wakanyamaza.

Siku moja mama alinituma chumvi. Nikapitiliza mpaka barabara kuu, nimtafute baba kwenye foleni. Hapakuwa na lori hata moja. Mbuzi walikuwa wamelala katikati ya lami.

Niliporudi, mama alitazama vumbi miguuni mwangu.

"Umefika barabarani?"

"Ndiyo, mama."

Mwiko ukasimama mkononi mwake. "Foleni iko namna gani?"

Nikaiangalia ile sahani.

"Ni ndefu, mama. Haisongi."

Akashusha pumzi, akanipakulia mboga nyingi kuliko siku zote.

Jioni hii nimepika ya simsim. Nimekula nusu. Nusu nyingine nimeifunika.