Picha ya Kukhu Mlangoni pa Kanisa

Juma lililopita nilirudi Makongeni na kamera yangu, kulipiga picha lile kanisa la mawe ambamo wafanyakazi wa reli walikuwa wakifungia ndoa. Lipo bado, haki ya Mungu! Nilikuwa nimeambiwa limebomolewa, na njia nzima moyo ulikuwa juu juu. Nilipouona ule mlango nilicheka peke yangu, wapita njia wakanikodolea macho. Ila kinamasi kilichokuwa nyuma yake hakipo. Kimefukiwa, na juu yake kuna maghala.

Wewe hukukiona kile kinamasi, rafiki yangu. Matete marefu, vyura wakipiga kelele mpaka king'ora cha kiwandani kiwanyamazishe, na korongo wakitembea majini polepole kama wazee wa kanisa wakikusanya sadaka. Jirani yetu mpiga picha aliwapenda ndege wale kupita kiasi. Jumamosi, nikishamaliza kusugua sufuria na kuanika nguo, alinichukua nimbebee mkoba. "Macho hayana pazia," alizoea kusema, "lakini filamu ina mwisho."

Basi Jumapili moja nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa kwetu, ametoka Magharibi na kuku wake na ndizi zake, nyumba nzima ikanukia mchuzi. Jioni hiyo angepanda gari moshi arudi. Ombi lake lilikuwa moja tu: apigwe picha kwenye mlango wa kanisa lile, kwa sababu ndipo alipofunga ndoa na babu, na siku hiyo hakukuwa na kamera. Jirani alikuwa amebakiza picha tano kwenye filamu, na maduka yalikuwa yamefungwa. Kabla ya ibada akaniachia kamera, akaenda kunywa chai.

Na mimi? Kichwa maji! Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja ukingoni. Nikapiga. Akainua bawa, nikapiga tena. Nilipokuja kuzinduka, zote tano zilikuwa zimekwisha. Ibada nzima sikusikia hata neno moja, nilikuwa namtazama Kukhu benchi la mbele akirekebisha kitambaa chake kichwani, akijiandaa.

Tulipotoka nilimnong'onezea jirani, machozi yakinitiririka.

"Ala! Zote?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akamtazama Kukhu, ambaye tayari alikuwa mlangoni, amenyooka wima. Halafu akauvuta taratibu ule mkono wa kusogeza filamu. Ukasogea! Kumbe filamu nyingine huwa na picha moja ya ziada.

"Kukhu, ni moja tu. Usipepese macho."

"Mwanangu, mimi nimeyatoa tangu asubuhi."

Kacha! Nikaketi vumbini na gauni langu la Jumapili.

Siku hizi jirani yule hayupo, na chumba alichosafishia picha ni duka la simu. Watoto wa pale hawajui korongo alikuwa akivua wapi. Kukhu naye alipofariki, wajomba walipekua kila sanduku wakitafuta picha ya kutangulia jeneza. Maisha yake yote, picha ilikuwa ile ile moja. Waombolezaji walisema mjukuu huyu amemlilia nyanya kuliko wote. Nililia, sikatai. Lakini nusu ya kilio changu ilikuwa kumshukuru Mungu kwamba ule mkono ulisogea.