Papai Bichi la Mkwe

Mwaka 1997, kambi za Kasulu zilipokuwa zimefurika wakimbizi kutoka Burundi, Bonaventura wa Kigoma alikuwa fundi bomba katika shirika lililowachimbia visima. Shirika likampeleka Thailand wiki tatu, akaone kambi za huko zinavyogawa maji. Aliondoka akiwa mtu wa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Akarudi hana jingine mdomoni ila papai bichi.

Kule kambini mama mmoja alikuwa akilitwanga kwenye kinu pamoja na pilipili, ndimu, karanga na nampla, yaani maji ya chumvi yanayotoka kwa dagaa waliovundikwa mwaka mzima. Sahani ya kwanza ilimliza Bonaventura. Ya pili aliiomba mwenyewe. Siku ya kuondoka akanunua chupa kubwa ya nampla, akaiviringisha ndani ya koti lake la harusi isije ikavunjika.

Ikavunjika. Treni ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ilikuwa haijafika hata Morogoro.

Kufika Dodoma, behewa zima lilikuwa limefungua madirisha. Mama Mwanvua, muuza vitenge wa Ujiji, akaifuata harufu kwa pua, kiti kwa kiti, mpaka kwenye sanduku la Bonaventura.

"Baba, humu mna nini?"

"Samaki, mama. Lakini ni wa maji."

"Samaki gani si wa maji? Na unawatoa Dar es Salaam unawapeleka Kigoma? Sisi watu wa ziwani tumekukosea nini?"

Behewa lilicheka mpaka Tabora.

Nyumbani, mkewe Agnesi alilitoa koti sandukuni kwa kijiti.

"Usilifue!" Bonaventura akapiga kelele. "Nampla yote imo humo."

"Unataka tupike koti?"

Bonaventura akalitazama koti, kisha sufuria, na hilo ndilo lililomtisha Agnesi. Akalitumbukiza koti kwenye beseni la sabuni. Ikabidi mumewe achemshe dagaa kwa chumvi nyingi, achuje maji yake, ajifariji hivyo.

Jumapili mama mkwe, Bi Melania, akaja kutoka Kidahwe kumpa pole ya safari. Akiwa sebuleni akasikia mchi unalia uani. Isombe hiyo, kisamvu cha kutwanga, akajisemea, tumbo likafurahi. Mara Agnesi akaingia na maji ya kunawa, na mchi bado unalia.

"Nani anatwanga?"

"Mkweo."

"Mama weee! Umeumia mkono?"

"Hapana, mama."

"Basi yeye ameumia kichwa."

Chakula kikaletwa. Bi Melania akakitazama sana.

"Mkwe, hili papai si bichi?"

"Ni bichi, mama."

"Kwetu papai bichi hutiwa kwenye nyama ya ng'ombe mzee, ilainike."

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe ndiye mimi?"

Jasho likamtoka Bonaventura. Bi Melania, kwa heshima tu, akamega tonge la ugali, akachota. Mle mlikuwa na pilipili kumi. Akasimama. Akakaa. Machozi yakamtiririka, kamasi nazo, mpaka akavua kilemba na kujipepea nacho mbele ya mkwewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu amwoze binti. Bonaventura akapiga magoti kuomba radhi, Agnesi akakimbilia maziwa.

Bi Melania akakisukuma kikombe kando. "Ondoeni maziwa. Leteni ugali mwingine, huu hautoshi."

Alimaliza sahani yake, akamaliza ya Agnesi, kisha akalalamika kwamba chumvi imepungua. Kabla ya kuondoka akatoa amri: Jumapili ijayo mkwe aende Kidahwe akawafundishe akina mama wa kwaya.

Bonaventura alienda. Walimcheka kwa kuushika mchi kama spana, lakini walikula, wakalia, wakaomba tena. Watu wa Kidahwe wanakumbuka kwamba mwaka ule hakuna papai lililowahi kuiva mtini, na kwamba kwaya haijapata kuimba kwa sauti kali namna ile.